Zimwi la Kinamasi Lina Mama Yake

Jiji la México
7 Machi 1965

Dada yangu Eufrosina,

Nakuamkia kwa heshima zote, na Mama nampigia magoti kabla hujaanza kumsomea. Mimi ni mzima. Ule ubavu wa Desemba umeunga, ila nikicheka sana unanikumbusha. Chumbani tunakaa wanamieleka watatu na jiko moja, kwa hiyo nimejifunza kula yai kwa kila namna ambayo yai linaweza kuliwa. Mwambie Mama kuna mwanamke sokoni anauza chilate akidai ni ya Guerrero. Nikanunua kikombe. Yale ni maji yaliyoonyeshwa kakao kwa mbali, basi. Nilitamani kumshitaki.

Watoto wa darasani kwako wanaendeleaje? Na Abundio wako, bado anatoka Ometepec kila Jumamosi na shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe?

Sasa habari yenyewe. Keti kwanza. Nimepata kazi ya sinema.

Wala sikuitafuta. Mtu wa kampuni ya filamu alikuja ukumbini tunapofanyia mazoezi, akatutazama kama anachagua ng'ombe mnadani, kisha akasema, "Wewe, mrefu. Njoo." Kumbe ni filamu ya Granizo! Ndiye huyo huyo, Mvua ya Mawe, mwanamieleka mwenye kinyago cheupe na joho jeupe, ambaye Abundio humtaja kama shemeji yake. Nitakuwa kwenye filamu ya Granizo, dada. Na si kupita kwa nyuma nikibeba sanduku. Nitaonekana mwanzo mpaka mwisho.

Nafanya kazi gani humo siruhusiwi kusema, nimetia sahihi. Lakini mtaniona. Usimwambie mtu yeyote nje ya nyumba.

Nduguyo anayekupenda,
Crescencio


Cuajinicuilapa, Guerrero
30 Machi 1965

Mdogo wangu Chencho,

Barua yako ilifika Jumanne, na sote tunakuamkia. Ufuta umevunwa, si mwingi lakini msafi. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Nyumba ya duara tumeiezeka upya upande wa bahari, na Mama alisimama chini akiwafokea waezekaji mpaka wakamwomba apande mwenyewe.

Uliandika tusimwambie mtu nje ya nyumba. Mama hakumwambia mtu nje ya nyumba. Aliwaita wote ndani, akawaambia. Kufika adhuhuri, Cuaji nzima ilikuwa imekunywa chilate yetu na kukupongeza. Mwenye duka la kamba anasema utakuwa mkuu wa polisi. Abundio anasema utakuwa rafiki yake Granizo, yule anayetekwa halafu anaokolewa. Mimi nimenyamaza, ila nimeshona gauni.

Mama ana swali moja tu. Jina lako litaandikwaje? Unajua hasomi, lakini anataka kuliona likiwa kubwa ukutani. Anasema waandike Morga Petatán, yote mawili, maana Petatán ni la babake na halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kaburini.

Tujibu mapema. Mama anasumbua.

Dadako,
Eufrosina


Jiji la México
23 Mei 1965

Dada mpendwa,

Nawaamkia. Samahani kwa kuchelewa. Hongereni kwa ndama.

Filamu imekwisha. Haikutoka vizuri sana, nasikia. Kwa hiyo ikija Ometepec msihangaike nayo. Ile barabara ni mbaya na Mama mgongo unamuuma. Ngojeni inayofuata. Jina huandika wao wanavyotaka, hayo ni mambo ya biashara, si yangu.

Naomba, akitokea mtu wa kuja huku, unitumie mafuta ya nazi chupa mbili. Rangi za kazini zinaniwasha uso na shingo, na ya hapa dukani yana manukato.

Abundio hajambo?

Nduguyo,
C.


Cuajinicuilapa
21 Septemba 1965

Crescencio,

Salamu nitaziandika mwishoni, kama nitakuwa bado nazo.

Tumeiona. Ilifika Ometepec kwa sikukuu za uhuru, maonyesho ya alasiri. Uliposema tusiende nilidhani ni unyenyekevu wako tu. Tulikodi lori. Tulikuwa watu kumi na tisa, Chencho. Mama alivaa viatu vya kanisani. Abundio alikuwa ametuwekea nafasi, akakaa kushoto kwangu, Mama kulia. Nyuma yetu walikuwepo akina mama wa kabila la Kiamuzgo waliokuja kuuza sokoni, nao wakataka kuona.

Ikaanza. Mji mzima wa kwenye filamu hauna mtu hata mmoja mwenye rangi ya mtu wa Ometepec. Profesa mweupe, binti yake ana nywele za manjano, polisi weupe, hata mwuza magazeti. Akatokea mtumishi wa jikoni amevaa vazi la Kiamuzgo, anaongea kama kasuku mgonjwa. Mmoja wa wale mama nyuma yetu akasema kwa sauti, "Huyo si wetu. Huyo amepakwa." Na kweli, shingo nyeupe, uso wa kahawia. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Nilikuwa bado nacheka ulipotoka majini.

Umevaa ngozi ya mnyama. Mfupa puani. Nywele zako wamezisimamisha kwa tope, na wewe mwenyewe, ulivyo mweusi, wamekupaka weusi mwingine juu yake. Huongei. Filamu nzima huna neno hata moja, unanguruma. Unamkamata yule binti shingoni, na karibu na nyayo zako kuna mifupa ya watu. Profesa anasema umeletwa kutoka Afrika ndani ya sanduku. Watoto waliokuwa mbele wakapiga mayowe, wakajificha nyuso.

Mama akasema, "Huyo ni Chencho." Alisema polepole tu, kama anakuona ukirudi kutoka kisimani.

Nikasema, "Mama, siyo."

"Ni Chencho. Mbona amekonda hivi?"

Kisha akaingia yule mwenye kinyago cheupe. Unajua kilichofuata kuliko mimi. Alipokuinua na kukupeleka kwenye moto, ukumbi wote ulikuwa umesimama kumshangilia, na Mama akasimama pia. "Muache!" alipiga kelele. "Wewe wa kitambaa cheupe, muache mwanangu! Ana mama yake huyo!"

Ukumbi ukaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Mtu mmoja akasema, "Kaa chini, bibi, utatupiwa mfupa na wewe!" Mama akazidi kulia, "Ana mama yake!" Na mimi nilifanya nini? Nilimshika mkono, nikamvuta akae. Dada yako mwalimu. Nilimvuta kwa nguvu mpaka kiti kikalia.

Tulisubiri majina. Niliyasoma yote. Crescencio Morga hayupo. Yupo "Zambú Valdés, wa Havana".

Tulirudi kwa lori mpaka tukavuka mto. Ndipo Mama akasema, "Na yule mweupe naye ni Chencho." Nikamwambia amechoka. Akasema, "Hushusha bega la kulia kabla ya kubeba kitu, tangu alipoangushwa na fahali. Nimemzaa mmoja, nimewaona wawili." Tangu siku hiyo hajabadili maneno.

Sijui nikuulize nini. Valdés ni nani? Nani alikupeleka motoni? Ulijua tutaona nini ulipoandika kwa furaha vile?

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Eufrosina


Jiji la México
14 Novemba 1965

Dada Eufrosina,

Nakuamkia, ingawa hukuniamkia. Nimeanza barua hii mara sita. Mafuta yamefika, ahsante. Niliposoma kwamba Mama alisimama nilitoka nje nikatembea mpaka soko la La Merced na kurudi, na sikumbuki njia.

Nitakuambia yote, lakini Mama asisomewe.

Siku ya mkataba karani aliniuliza, "Unatoka wapi?" Nikasema Guerrero. Akasema, "Guerrero hakuna weusi." Nikamwambia, "Juzi nilipoondoka walikuwepo." Alicheka, akasema nina vichekesho kama Wakuba wote, akaandika Kuba. Jina alilichagua yeye. Mimi nikatia sahihi. Hapo ndipo ningesema, na sikusema. Usinitafutie udhuru.

Nilipokuandikia Machi nilikuwa sijaambiwa habari ya zimwi. Niliambiwa nitakuwa Granizo.

Ndiyo. Mama ameona sawasawa. Mwenye jina lake ni mwanamieleka mkubwa kweli, lakini goti limekufa, hawezi hata kupanda ngazi. Yeye huketi, huongea, hubusu mkono wa binti. Ukiona Granizo anakimbia, anaruka, anapigana, ni mimi. Umewahi kuona mwanamieleka amevaa mikono mirefu na glovu mpaka kwenye viwiko? Basi ndiyo sababu. Na pale ambapo kinyago kina matundu, machoni na mdomoni, mpambaji alinipaka krimu ya rangi ya waridi. Kila asubuhi saa nzima. Alikuwa mwanamke mwema, akiniomba radhi huku anapaka. Nikitoka jasho krimu inashuka, basi mwongozaji anapiga kelele, "Shujaa anayeyuka! Mkausheni shujaa!" na wote wanacheka, na mimi pia nacheka. Ndani ya kinyago hakuna anayejua kama unacheka au la.

Wiki ya pili wakagundua kwamba mtu waliyemkodi kuwa zimwi ni mfupi. Mwongozaji akanitazama nikiwa nimevua kinyago nakunywa maji. Akasema, "Tunahangaika nini? Zimwi si hili hapa?"

Siku tatu nilijipiga mwenyewe, dada. Asubuhi mimi zimwi, na mtu mwingine ameipa kamera mgongo akiwa na joho. Mchana mimi Granizo, na mwingine amepakwa rangi ya viatu. Nilijinyanyua, nikajitupa. Nilikuwa najiambia kwamba hakuna atakayenijua, maana niko huku nimefunikwa na huku nimeharibiwa. Sikufikiria bega.

Januari tunaanza ya pili. Safari hii ni kijiji kizima cha mazimwi ya kinamasi. Nimekubali. Nikikataa, kinyago kinavaliwa na mwingine, na mimi narudi kupigana kwenye maghala. Niseme ukweli wote? Watu wanaposimama kumshangilia Granizo, mimi ndiye wanayenishangilia. Hawajui, lakini ni mimi. Nimeshindwa kuliacha hilo.

Nakuomba Mama asijue. Mwambie ni kufanana tu.

Abundio alisemaje siku ile? Hukuandika.

Crescencio


Cuajinicuilapa
9 Januari 1966

Chencho,

Mama ameondoka.

Kosa ni langu na nakuambia moja kwa moja. Nilimsomea barua yako. Alinikuta naisoma nyuma ya nyumba, akakaa mbele yangu, akasema, "Anza juu." Nilijaribu kuruka mistari. Mama hasomi, lakini anajua macho ya mtu anayeruka. Nilimsomea mpaka krimu, mpaka rangi ya viatu, mpaka siku tatu. Hakulia. Aliniambia nirudie pale pa karani. Nikarudia. Akasema, "Guerrero hakuna weusi," mara mbili, kama mtu anayejaribu jino linalouma. Kisha akaenda kuwapa kuku mahindi.

Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Jana asubuhi nimerudi kutoka sokoni, kitanda kimetandikwa, viatu vya kanisani havipo, bahasha ya karatasi za familia haipo chini ya sanamu ya Mtakatifu Nikolasi. Jirani anasema alipanda lori la nazi kwenda Acapulco. Hajawahi kupita Ometepec maisha yake yote! Ana miaka sitini na nne! Hajui kusoma jina la mtaa!

Amechukua bahasha ya barua yako, ile yenye anwani. Nadhani atawaonyesha watu.

Barua hii inakuja na dereva ninayemjua. Akifika, au asipofika, nipigie simu ya maandishi siku hiyo hiyo. Sili, silali. Nifanye nini na kuku hawa wanaomtafuta?

Eufrosina


SIMU YA MAANDISHI
12 JANUARI 1966
MAMA AMEFIKA MZIMA. NIMEFUKUZWA KAZI. BARUA INAKUJA. CHENCHO


Jiji la México
16 Januari 1966

Dada yangu,

Mama amelala hapa kitandani kwangu, na wenzangu wawili wamehamia kwa binamu yao bila kuombwa. Naandikia gotini, usijali mwandiko.

Alifika chumbani Jumatano asubuhi kwa kuonyesha bahasha kwa watu wa mtaani. Mimi nilikuwa nimeshaenda kazini. Mwenzangu mmoja akamleta studio kwa teksi. Mlangoni mlinzi akamtazama tu, akasema, "Wa kinamasi? Chumba cha kuvalia ni mkono wa kushoto." Akampitisha! Na huko mkono wa kushoto msichana mmoja akataka kumvisha mkufu wa mifupa. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuja kumtembelea mtu."

Tulikuwa tunapiga ile sehemu ambayo Granizo anaingia kijijini. Mazimwi thelathini: waokaji mikate, wanafunzi, na wapiga ngoma wawili ambao ni Wakuba kweli. Wote wamepakwa masizi. Pembeni kuna mwandishi wa gazeti na kamera yake, na mwenye jina la Granizo ameketi na goti lake, kinyago kichwani kama kawaida. Mimi nimesimama katikati, mweupe tupu. Ghafla naona skafu ya Mama ikipita kati ya matete ya karatasi.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Huyu nani? Mbona hajapakwa?"

Mama akamsalimia vizuri, akasema, "Namtafuta mwanangu."

"Chagua, mama. Hapa wote ni wanao."

Wakacheka. Lakini Mama alifanya kama alivyoambiwa, dada. Alianza kuchagua. Alimwendea wa kwanza, akamtazama, akampitisha dole gumba shavuni. Masizi yakatoka. Akasema, "Huyu siye." Akaenda kwa wa pili. "Huyu siye." Wa tatu, wa nne, anafuta, anasema. Wakaacha kucheka. Wengine walianza kuinamisha nyuso kabla hajawafikia. Alipomaliza safu aligeuka, akaja moja kwa moja kwangu, kwenye ule weupe wote, akasimama.

"Huyu hapa," akasema. "Chencho, vua hicho kitu nikuone."

Hujui maana ya kinyago huku. Watu hupoteza kinyago ulingoni na kulia kama wamefiwa. Na hiki hakikuwa hata changu. Mwenye jina alinyanyuka kitini kwa fimbo, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa si ya sinema. "Kijana, usivue. Ukivua hapa hutakivaa tena. Nakuambia kwa wema."

Nilijua anasema kweli. Sikuwaza jambo lolote kubwa. Niliona tu kwamba kisigino cha Mama kimechubuka, viatu vimembana siku nne za safari, na amesimama hataki kuketi. Nikafungua kamba.

Mwanamke mmoja alisema "Mama Maria!" akajifunika mdomo. Mwokaji mmoja, uso nusu masizi nusu unga, alikuwa ananitazama mimi, kisha mikono yake mwenyewe, kisha mimi. Na Mama aliona vile viduara vya krimu machoni na mdomoni. Akalowesha ncha ya skafu kwa ulimi, kama alivyokuwa anatufuta kabla ya misa, akanifuta. Jicho moja, jicho la pili, mdomo. Hakuharakisha. Watu wote wanangoja.

Mwongozaji akasema, "Bibi, umekosea. Huyu ni Mkuba."

Mama akatoa karatasi kifuani. Cheti cha kuzaliwa. "Soma," akamwambia. Mwongozaji hakukipokea. "Mimi sijui kusoma," Mama akasema, "na wewe unajua. Nisomee."

Aliyekipokea ni mmoja wa wale wapiga ngoma. Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Crescencio Morga Petatán, mtoto halali, amezaliwa Cuajinicuilapa, jimbo la Guerrero, siku ya kumi na nne Septemba elfu moja mia tisa thelathini na nane." Akakikunja vizuri, akamrudishia Mama. Akamgeukia mwongozaji. "Mkuba hapa ni mimi, bwana. Huyu simfahamu."

Yaliyobaki ni mafupi. Mtu wa kampuni alimnyang'anya mwandishi kamera, akaivuta filamu yake yote nje ili mwanga uiharibu. Mimi niliambiwa niache glovu mezani. Nilipokuwa navaa suruali yangu Mama aliniuliza swali moja tu kuhusu filamu ile ya kwanza: "Ule moto ulikuunguza?" Nikasema hapana, ulikuwa wa gesi, mbali. Akasema, "Haya."

Nitampandisha basi Alhamisi. Nenda kamngoje Acapulco. Halafu, dada, mara ya tatu nauliza. Abundio?

Crescencio


Cuajinicuilapa
27 Februari 1966

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa moyo wote, na kwa mara ile niliyokunyima pia. Mama yuko mzima. Kisigino kimepona. Amewasimulia watu safari mara nyingi hivi kwamba wale wapiga ngoma sasa wamekuwa jeshi. Wewe anakusimulia hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.

Haya, Abundio. Siku ile alicheka. Si baada ya kujua, usimwonee, alicheka kabla, pamoja na wote. Lakini Mama aliposimama alijua, maana nilikuwa nimeshamnong'oneza kwamba ni wewe. Akaendelea kucheka, akiangalia mbele, ili watu wa safu yetu wasidhani yuko nasi. Nje akaninunulia juisi. Akasema nisihuzunike, kwamba mimi si kama wao, na kwamba watoto wetu wakitoka kwake watakuwa na rangi nzuri. Alisema hivyo kwa upole, Chencho, kama zawadi. Na mimi nikainywa ile juisi. Nilimruhusu aje Jumamosi nne nyingine. Hilo ndilo sikuweza kukuandikia. Wewe ulitia sahihi kwa karani, mimi nilitia yangu hapo.

Simwoni tena. Shati atalipigia mwingine pasi.

Kuna jambo lingine. Wiki iliyopita niliwapa darasa kazi: mchoreni Granizo akiwa nyumbani, amevua kinyago, anakula. Nina watoto thelathini na wawili, unawajua wazazi wao, ni Morga, ni Noyola, ni Petatán. Nilikusanya karatasi. Wote thelathini na wawili wamemchora mweupe. Wengine waliazimana penseli ya manjano kwa ajili ya nywele. Nilikaa na zile karatasi mpaka kengele ikalia, sikuweza kuwasahihisha, maana nami kabla ya barua yako ya Novemba nilimwona hivyo hivyo.

Kesho yake nilimwomba Mama aje darasani. Alikaa kwenye kiti changu, akawaeleza. Hawakumwamini. Mtoto wa Noyola alimwuliza, "Bibi, una hakika?" Mama akamjibu, "Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe." Kisha wakaanza kuuliza yote kwa pamoja, na mwalimu mkuu akaja kuona kelele ni za nini.

Rudi nyumbani, au usirudi. Ila andika.

Dadako,
Frosi


Puebla
8 Mei 1966

Dada yangu,

Nakuamkia, wewe na Mama, na ndama ambaye sasa lazima ni mtamba.

Sirudi bado. Mwenye jina la Granizo, usistaajabu, aliniita kwake. Alinikaribisha akiwa na kinyago, tukala akiwa na kinyago. Akasema, "Mimi sijawahi kufanya ulichofanya wewe, hata kwa mama yangu." Akaniandikia barua kwa mtu wa ukumbi mdogo hapa Puebla. Kwa hiyo napigana hapa, uso wazi, kwa jina langu.

Jumapili ilikuwa mara ya kwanza. Mtangazaji alisoma: Crescencio Morga, wa Cuajinicuilapa, Guerrero! Mji ulimshinda ulimi, akaurudia mara mbili. Sitakudanganya kuhusu ukumbi. "Rudi Kuba!" walisema. "Zimwi! Mpeni mfupa!" Mmoja alinguruma pambano zima bila kuchoka, ana kifua kizuri. Nilidhani nitaona aibu. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na njaa, lakini aibu niliitafuta sikuipata. Nilishinda mzunguko wa kwanza, nikapoteza miwili. Nimepigwa vizuri tu.

Nilipotoka, mzee mmoja alikuwa ananingoja mlango wa pembeni. Fundi viatu, nadhani, mikono ina gundi. Uso wake ni wa mtu yeyote wa Puebla. Nikajiandaa kutukanwa.

"Ule mji," akasema, "wameutunga?"

"Hapana. Upo."

"Uko wapi?"

Nikamweleza: unashuka Acapulco, unaipa bahari mkono wa kulia, unakwenda mpaka karibu na Oaxaca.

"Na watu wa huko, wote wako kama wewe?"

"Wengine ni wafupi."

Hakucheka. Alitazama barabarani pande zote mbili, kama mtu anayetaka kuvuka, halafu akavua kofia. Ana mvi, dada, na zile mvi ni nywele zetu. Zetu kabisa, zimekatwa chini zisionekane.

"Mama yangu alizaliwa pwani, hakupata kutuambia wapi," akasema. "Nywele zake zilikuwa hizi. Alizifunga kitambaa mpaka tunamzika. Sisi watoto tuliambiwa ni ugonjwa wa kichwa."

Tulisimama pale wawili, watu wanatoka, mchana wa saa kumi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama naweza kumruhusu aziguse zangu.

Nikainama.

Crescencio